Maelezo kwa Padre Shijo, Kabla Sijaondoka

Funguo ni kumi na moja. Tatu sijui zinafungua nini,
ila niliyempokea alinikabidhi, naye alikabidhiwa,
basi zipokee, usiulize.
Wenye uzi mwekundu ni wa sakristia.
Mlango umevimba kwa unyevu; usiubembeleze,
usukume kwa bega kama ng'ombe mgomvi.

Nakuandikia jikoni, saa nne na nusu usiku,
na mbingu ya Dakota bado ina rangi ya chai isiyo maziwa.
Wewe wa Kerala, uliyezoea mvua inayojua kazi yake,
hapa Juni itakuchekea asubuhi,
jioni iipige ngano ya watu kwa mawe ya barafu.
Siku hiyo usihubiri.
Nenda ukasimame nao kando ya shamba, mikono mfukoni.
Hiyo nayo ni ibada.

Bi Rosina Feist ataleta keki ya plamu kila Ijumaa.
Mimi nina kisukari mwaka wa nane, na sijathubutu kumwambia.
Utaikuta friza imejaa mapenzi yake,
hata nyama haina pa kukaa.

Kengele, vuta kamba mara tatu. Si nne.
Ya nne ni ya msiba,
na watu watazima matrekta yao
waanze kuhesabu nani alikuwa mgonjwa.

Emil Schatz huketi benchi la mwisho na hapokei komunyo.
Miaka kumi na minne nimemwona akikunja mikono
wenzake wakipanga mstari.
Sikumuuliza. Nilijiambia ni subira.
Siku hizi naona ilikuwa woga, tena wangu.

Daftari la marehemu liko juu ya daftari la ubatizo;
sikulipanga hivyo, ni mkono tu umezoea.
Mwaka jana tulizika kumi na tisa, tukabatiza wawili,
na wote wawili wakahamia Fargo kabla hawajaota meno.

Askofu anaiita likizo ya sabato.
Waumini wanaiita safari, wamenichangia viatu vya kutembelea
vinavyolia kama vifaranga.
Daktari ana neno lake.
Mimi najua tu kwamba Jumatano ya Majivu,
kidole changu kikiwa kwenye paji la mtoto wa akina Wetzel,
nilisema *Kumbuka*,
kisha pakawa patupu.
Maneno niliyoyasema miaka thelathini na moja
yalitoka kanisani bila kuaga.
Mtoto akaninong'oneza, "Mavumbi, Padre,"
taratibu, kama anayemwelekeza mgeni ofisi ya posta.

Sanduku liko wazi kitandani.
Stola ya safari nimeitia, nikaitoa, nikaitia tena.
Sasa imelala kitini karibu na mlango,
inanitazama kama mbwa anayejua kuna mtu anaondoka.

Nitakuwa Duluth, kwa dada yangu Leona,
chumba cha juu ya gereji, nikijifunza kulala.
Wakikuuliza, sema naiombea parokia.
Huenda kufikia Agosti ikawa kweli.

Nilitaka kusahau hili: taa ya tabenakulo.
Kiwanda kinasema mshumaa hudumu siku nane. Kinadanganya.
Badilisha kila Jumamosi baada ya kitubio,
hata kama hakuna aliyekuja kutubu.
Majuzi nilichelewa.
Niliingia alfajiri nikaukuta umezimika,
na badala ya kukimbilia mwingine
nikaketi gizani pamoja Naye, muda mrefu,
bila sala, bila hata kuomba radhi,
kama wazee wawili wanaongoja basi moja
na hakuna anayekumbuka ratiba.

Kiberiti kiko droo ya chini.
Kikague kwanza; baadhi ya njiti zimelowa.